Mwalimu Akitaka Kwenda Ughaibuni, Tumsaidie Kuhesabu



Sisi mafrateri tunaotumwa Mbezi Luis kwa utume wa mwisho wa juma tunashuka Ijumaa jioni karibu na Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Tangu kituo kile kizinduliwe Februari 2021, Mbezi Luis si ile tena ambayo wazee wa parokia wanatusimulia, ya mashamba ya mihogo na mikorosho kandokando ya Barabara ya Morogoro. Ukisimama pale dakika kumi unaiona nchi nzima ikipita: wanafunzi wenye matranka, akina mama na ndoo za maharage, vijana wanaotafuta basi la Mbeya, na wengine wanaouliza la Nairobi au Lusaka. Ni mahali pa kuagana. Kwa hiyo hatukushangaa sana Jumamosi moja asubuhi tulipofika jumuiyani, upande wa Malamba Mawili, tukakuta kwamba baada ya Rozari na Injili kuna habari ya kuagana.

Anayeondoka ni mwalimu wetu wa kwaya. Hatutamtaja jina, naye ameturuhusu kuandika kwa sharti hilo. Anafundisha Fizikia na Hisabati katika shule binafsi, mwaka wa saba sasa. Mumewe ni fundi umeme, wana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu. Amepata nafasi ya kufundisha Falme za Kiarabu kwa mkataba wa miaka miwili, dola 1,200 kwa mwezi. Katibu wa jumuiya alipopiga hesabu kwenye simu yake, dola moja kwa shilingi 2,500, akasema kwa sauti, "Milioni tatu!" Watu wakapiga makofi. Kisha ikaja sehemu ya pili. Wakala anayeshughulikia safari anataka shilingi 2,800,000 ndani ya wiki mbili, na familia imefikisha nusu tu. Jumuiya iliombwa ichangie iliyobaki.

Hapo mmoja wetu alisimama na kuhubiri. Alisema mambo ambayo pengine hata wewe msomaji umewahi kuyasema: kwamba watoto wa Tanzania wataachiwa nani, kwamba ualimu ni wito, kwamba fedha si kila kitu. Alipoketi, bibi mmoja ambaye kila mara hutuwekea chai alimtazama kwa upole na kusema, "Frateri, mwanangu, wewe chakula chako cha leo jioni kimeshapikwa. Na aliyekipika amenunua unga kwa sadaka ya huyu mwalimu."

Tulinyamaza. Bibi hakutukosea adabu, alisema kweli. Tunalishwa, tunalazwa na kusomeshwa kwa michango ya waamini, na miongoni mwa waamini hao walimu hawakosekani kamwe. Wapo pia mapadre wetu wanaotumwa kufanya kazi katika majimbo ya Ulaya na Marekani, na hakuna anayesimama jumuiyani kuuliza waamini wa Tanzania wameachiwa nani. Tunawaombea na kuwasindikiza uwanja wa ndege. Kwa nini mwalimu aondoke akiwa amebeba aibu?

Basi tukaomba jambo moja tu: tuuone mkataba. Jioni ile tuliketi sebuleni kwao, mkataba mezani, kikokotoo cha simu mkononi, daftari la hesabu la mtoto likiwa pembeni. Tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii, kwa sababu tunaamini katika kila parokia ya Dar es Salaam yupo mwalimu mwenye karatasi kama ile mfukoni.

Tulianza na mshahara wake wa sasa, kwani huwezi kulinganisha usichokijua. Analipwa 650,000 kwa mwezi. NSSF inakatwa asilimia 10, yaani 65,000. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye kinachobaki, na kwake ni 33,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, 97,500. Anabaki na 454,500. Hana bima ya afya ya kazini. Kwa hiyo tangu mwanzo kumlinganishia 650,000 na milioni tatu si sawa, kwa sababu anayoishika mkononi ni 454,500. Lakini pia kuna fedha asiyoiona kwenye slipu: mwajiri wake analazimika kumwekea NSSF asilimia 10 nyingine. Kwa jumla 130,000 zinaingia kwa jina lake kila mwezi, ikiwa mwajiri anazipeleka. Hilo "ikiwa" tutalirudia.

Angekuwa mtumishi wa serikali hesabu ingebadilika kidogo. Kule mwalimu anakatwa asilimia 5 ya PSSSF na mwajiri anaweka 15. Bima ya NHIF ni asilimia 3 kwake na 3 kwa mwajiri, nayo inamhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Walimu wa serikali mara nyingi hulalamikia makato, na wana haki yao, lakini wanapoona tangazo la ughaibuni husahau kuhesabu ile 15 ya mwajiri na zile kadi sita za bima. Ni mafao ambayo huyaoni mpaka siku yanapokosekana.

Tukaja kwenye dola 1,200. Mkataba haukuandika hivyo. Uliandika mshahara wa msingi dola 700, posho ya nyumba 350, posho ya usafiri 150. Jumla ni ileile, lakini mgawanyo una maana kubwa. Kwa sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, mgeni anapomaliza kazi baada ya mwaka mmoja au zaidi hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Siku hizo zinahesabiwa kwenye mshahara wa msingi tu. Dola 700 gawanya kwa 30, zidisha kwa 21: dola 490 kwa mwaka, 980 kwa miaka miwili. Hiyo ni takribani shilingi 2,450,000. Sasa rudi Mbezi: 130,000 mara miezi 24 ni 3,120,000. Yaani kwa upande wa akiba ya uzeeni, kazi ya 650,000 inamwekea zaidi kuliko kazi ya "milioni tatu". Mume wake alituomba turudie hesabu hiyo mara mbili. Tuliirudia, ikatoka vilevile.

Na si kiasi tu. Pensheni ya hapa inadai miezi 180 ya uchangiaji, yaani miaka 15. Yeye ana saba. Akiondoka miaka miwili, kisha akaongeza miwili, kisha mingine, anaweza kurudi na umri wa miaka 45 akiwa bado na miaka saba ileile kwenye kitabu. NSSF inapokea wachangiaji wa hiari, na hilo ni jambo la kupanga kabla ya kupanda ndege, maana ukishazoea kutuma fedha zote nyumbani, mchango wa hiari huwa wa mwisho kukumbukwa.

Baada ya hapo tulihesabu maisha. Alimpigia simu mtu wa kwao anayeishi Sharjah, wakajumlisha chumba cha kushirikiana, chakula, usafiri na simu: dola 550 kwa mwezi kwa mtu anayejibana. Kodi ya mapato ya mtu binafsi hakuna kule, kwa hiyo zinabaki dola 650, sawa na shilingi 1,625,000. Toa 97,500 za Bodi ya Mikopo, kwani deni lile halifutiki kwa kuvuka mpaka. Toa 120,000 za dada wa kazi atakayekaa na watoto. Zinabaki 1,407,500.

Tukiri hapa jambo ambalo hatukulitarajia. Tulikaa kwenye ile meza tukidhani hesabu itathibitisha mahubiri ya asubuhi, kwamba ughaibuni ni kivuli tu. Haikuthibitisha. Milioni moja na laki nne kila mwezi, baada ya yeye mwenyewe kula na kulala, ni fedha ambayo hapa hataiona kwa miaka mingi. Kwa miaka miwili anaweza kumaliza nyumba yao ya Msakuzi iliyokwama kwenye lenta. Anayemwambia mwalimu kwamba hakuna tofauti anamdanganya, na mwalimu wa Hisabati hadanganyiki kirahisi.

Kwa hiyo fedha ilikuwa nzuri, ila mkataba ulikuwa na mashimo, na mashimo hayo hayakuonekana mpaka tuliposoma kila mstari. Tiketi ya kwenda na ya likizo haikutajwa. Bima ya afya ilimtaja yeye peke yake. Hakukuwa na neno lolote kuhusu familia kumfuata, wala kuhusu saa za kufundisha kwa wiki. Na kwenye ujumbe wa simu wakala alikuwa ameandika kwamba ataingia kwa viza ya matembezi, "mengine tutabadilisha huko huko". Hapo tulishtuka. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa katika nchi ile, na mwenye kosa mara nyingi huwa ni yule aliyeshikwa darasani, si wakala aliye nyuma ya simu.

Kuhusu ile ada ya 2,800,000, sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, ama moja kwa moja ama kupitia mtu mwingine. Inamkataza pia kushikilia hati zake. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, una msimamo huohuo juu ya mawakala: asiyelipa ni mfanyakazi. Huku kwetu ipo TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, ambayo kazi yake ni pamoja na kuunganisha Watanzania na ajira za nje. Kuuliza pale kama wakala fulani ana kibali hakuhitaji mchango wa jumuiya, kunahitaji nauli ya daladala tu.

Mtu anaweza kusema mambo ya kudanganywa ni ya wasichana wa kazi za ndani, mwalimu mwenye shahada hawezi. Tulimkumbusha mwalimu wetu habari ya Louisiana. Kuanzia 2007 walimu zaidi ya 300 wa Ufilipino walipelekwa kufundisha katika shule za umma za jimbo lile la Marekani. Walikuwa wasomi, wengi wenye uzoefu mrefu. Walitozwa na wakala maelfu ya dola, wakashikiliwa hati zao mpaka walipe awamu iliyofuata, wengi wakakopa kwa riba ili wasipoteze walichokwisha kulipa. Desemba 2012 mahakama ya shirikisho huko California iliamuru walipwe dola milioni 4.5. Walishinda kesi, lakini ilikuwa miaka mitano baadaye. Shahada haimkingi mtu aliyeuza kiwanja ili alipe ada.

Tupite haraka kwenye nchi nyingine, kwa kuwa barua tunazopokea zinaziuliza. Uingereza inavutia: mwalimu anayeanza katika shule za serikali, nje ya London, analipwa pauni 32,916 kwa mwaka kuanzia Septemba 2025. Lakini mlango ambao Uingereza iliufungua Februari 2023 kwa walimu waliofuzu nje, ili wapate hadhi ya ualimu bila kusoma upya, ulitaja nchi tisa zaidi: Ghana, Hong Kong, India, Jamaika, Nigeria, Singapore, Afrika Kusini, Ukraine na Zimbabwe. Tanzania haimo. Anayekuahidi njia hiyo kwa cheti cha hapa anakuuzia orodha ambayo humo ndani haupo. Na anayepata njia nyingine akumbuke ada ya afya ya wahamiaji, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo kabla ya kuondoka, kwa kila mtu mzima. Marekani nako, mpaka mwaka 2025, mwalimu wa shule kutoka hapa aliweza kwenda kwa viza ya mabadilishano ya miaka mitatu, iliyoweza kuongezwa hadi mitano, akiwa na uzoefu wa angalau miaka miwili. Ilikuwa ya kwenda na kurudi, haikukusudiwa kuwa ya kuhamia. China, kwa kazi ya kufundisha Kiingereza, huangalia pasipoti ya nchi ulikozaliwa nayo kuliko ufundi wako, na Mtanzania anayeambiwa "wewe njoo tu" anapaswa kuuliza viza itaandikwa nini.

Kuna upande mmoja ambao sisi tuna mali mkononi na tunaiuza kwa bei ya chini: Kiswahili. SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne katika mkutano wa Dar es Salaam, Agosti 2019. Umoja wa Afrika ulikipokea kama lugha ya kazi Februari 2022, na Julai mwaka huohuo Tanzania na Afrika Kusini zilitia saini makubaliano ya kufundisha Kiswahili katika shule za kule. BAKITA inaandikisha wataalamu wa kufundisha wageni. Mpango wa Fulbright nao umewapeleka walimu wa lugha katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, wakiwa na posho, bima na tiketi, bila kulipa wakala hata senti. Wakongwe wetu wa Makoko, Musoma, walifundisha Kiswahili vizazi vya wamisionari kabla hatujasikia neno "soko la lugha". Walimu wa Kiswahili wa parokia zetu mara nyingi hujiona wa daraja la chini mbele ya wenzao wa sayansi. Kwenye jambo hili wangeweza kuwa mbele.

Sasa turudi nyumbani, kwenye sehemu ngumu. Ni rahisi kwetu kumkagua wakala. Je, tumejikagua sisi?

Mwalimu wetu alituambia kitu kilichotuuma kuliko mengine yote. Katika miaka saba amewahi kufundisha shule mbili, na moja ilikuwa chini ya watu wa Kanisa. Kule hakuwahi kupewa mkataba ulioandikwa. Mshahara ulichelewa hadi tarehe 20 ya mwezi uliofuata. Alipokwenda kuangalia akaunti yake ya NSSF, alikuta miezi kumi na mmoja haikupelekwa, ingawa kwenye slipu ilikatwa. Alipouliza, aliambiwa ajifunze kujitolea. Hatuitaji shule hiyo, na hatusemi ndiyo hali ya shule zote za Kanisa. Tunajua nyingine zinazolipa vizuri na kwa wakati. Lakini tunaulizana: wakala anayechukua 2,800,000 isiyo halali na mwajiri anayekata mchango wa mtu asiupeleke, wametofautiana nini?

Mtakatifu Yakobo hakuzungumzia mawakala wa Dubai alipoandika juu ya ujira uliozuiwa unaopiga kelele mpaka mbinguni. Aliwaambia matajiri wenye mashamba. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya 1891, alifundisha kwamba makubaliano ya mwajiri na mfanyakazi hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki ikiwa haumwezeshi mtu kuishi. Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya 1981, alidai ujira unaotosha familia, na akaupima uadilifu wa mfumo mzima wa uchumi kwa namna unavyolipa kazi. Katika hati hiyohiyo alisema wazi mambo mawili kwa pamoja: mtu ana haki ya kuondoka nchi yake kutafuta maisha, na kuondoka kwake ni hasara kwa nchi yake. Sisi asubuhi ile tulihubiri nusu ya pili tukaiacha ya kwanza. Papa wa sasa alipochagua jina la Leo mwaka 2025 alieleza kwamba alimkumbuka Leo wa XIII na suala la wafanyakazi. Seminarini tumelipigia makofi jina hilo. Litaonekana kwenye slipu za nani?

Wakuu wa shule watajibu kwamba ada ni ndogo, wazazi hawalipi, na wakipandisha mishahara watafunga. Tunawasikia. Ni kweli pia kwamba kima cha chini kisheria kwa shule binafsi kilikuwa cha chini mno: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilikiweka 207,000 kwa mwezi, na mwenye shule angeweza kulipa kiasi hicho na kulala usingizi kisheria. Wala si siri kwamba walimu wako wengi kuliko nafasi. Mwanzoni mwa 2025 Sekretarieti ya Ajira ilipofanya usaili wa walimu, waombaji walikuwa zaidi ya laki mbili kwa nafasi zisizofika elfu kumi na tano. Mwajiri anayetaka kunyonya ana foleni ndefu mlangoni.

Ila mafao mengi ambayo mwalimu huyafuata ng'ambo hayadai fedha nyingi. Mkataba ulioandikwa unagharimu karatasi mbili. Kupeleka NSSF kila mwezi si zawadi, ni fedha yake. Kumsomesha mtoto wa mwalimu bure au kwa nusu ada, katika darasa ambalo tayari lina dawati wazi, kungempunguzia huyu mama mzigo kuliko nyongeza ya 50,000. Nyumba za walimu ambazo wamisionari walizijenga kando ya shule zao, na ambazo leo baadhi yake ni stoo, zilikuwa posho ya nyumba kabla ya Falme za Kiarabu kuandika posho yoyote. Tunapendekeza halmashauri za parokia zenye shule ziombe kuona, mara moja kwa mwaka, jambo moja tu: uthibitisho kwamba michango ya walimu imepelekwa. Mnaosoma haya mkiwa wajumbe wa halmashauri, ulizeni kwenye kikao kijacho.

Watu hupenda kumtaja Mwalimu Nyerere katika mazungumzo haya, na mara nyingi humtaja ili kumnyamazisha mwalimu anayedai. Sisi tunamkumbuka kwa namna nyingine. Alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi 1952, akafundisha Pugu, shule ya Kanisa, si mbali na tunapoandikia. Mwaka 1955 aliacha kazi ile kwa sababu ya TANU, akaenda nyumbani bila mshahara. Hakuna aliyemwambia ajitolee. Alichagua mwenyewe, akijua anachokiacha. Kujitolea kwa aliyelazimishwa na kukosa mkataba ni kitu kingine kabisa.

Baada ya meza ile tulikubaliana na mwalimu na mumewe mambo machache. Asimpe wakala hata shilingi kabla ya risiti yenye jina la kampuni na namba ya kibali. Amwandikie mkuu wa shule ya kule moja kwa moja, kwa barua pepe, akiuliza viza ya kazi itatolewa lini, tiketi analipa nani, bima inagusa watoto au la, na kama mshahara wa msingi unaweza kupanda hata kama posho zitapungua, ili kiinua mgongo kisiwe kiduchu. Aombe barua ya uthibitisho wa miaka saba kutoka kwa mwajiri wake wa sasa kabla hajaaga, maana akishaaga huenda ikawa ngumu. Na jumuiya, badala ya kuchangia wakala, ichangie gharama ya kuthibitisha vyeti vyake, ambavyo atavihitaji popote atakapokwenda.

Kuhusu watoto hatukusema kitu. Mtoto mkubwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango akisikiliza tangu mwanzo, na daftari tulilokuwa tunaandikia hesabu lilikuwa lake. Miaka miwili kwa mtoto wa darasa la tatu haina safu kwenye hesabu yetu. Hilo ni la baba na mama, na wameomba wiki moja ya kusali.

Jumatatu mwalimu alituma barua pepe. Jumatano shule ya kule ilijibu kwamba viza ya kazi na tiketi hulipwa na shule, na kwamba haijawahi kumtuma mtu yeyote Dar es Salaam kukusanya ada. Kuhusu bima ya watoto na mshahara wa msingi walisema watajibu baadaye. Wakala alipoombwa risiti alisema yuko msibani, na tangu Alhamisi simu yake inaita bila kupokewa. Fedha iliyokuwa imekusanywa bado iko kwa mweka hazina wa jumuiya, kwenye bahasha, na Jumamosi ijayo tutakuwa na kikao cha kuamua itumikeje.